Muhtasari wa Tarehe 31 Juni

Levina Lipindi alizaliwa upande wa Mahenge, mlimani, kwa wakulima wa mahindi na maharage. Alivuka mto kuja Ifakara mwaka 1986, akiwa binti wa miaka ishirini, kujifunza upigaji chapa kwa masista, na tangu hapo alirudi kwao kwa misiba tu. Mimi nilimfahamu mwaka 1993 alipoajiriwa ofisini kwetu. Nilikuwa nimeshakaa pale miaka minne, mtu wa mashine ya kudurufu, kazi ya kuzungusha mkono wa chuma kutwa nzima na jioni kusugua wino vidoleni kwa mafuta ya taa. Naandika habari zake kwa sababu watu wengi mjini walizisikia nusu tu. Nusu waliyoikosa ni yangu mimi, Evarist.

Ofisi yetu ilikuwa mradi wa kufundisha viongozi wa vijiji. Wenyeviti na watendaji walikuja kutoka pande zote za bonde, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, na wengine Malinyi ng'ambo ya mto. Walikaa wiki mbili wakifundishwa kuendesha mikutano na kutunza kumbukumbu, kisha wakarudi kwao na daftari jipya na picha ya pamoja. Mkuu wa mradi, Bwana Telesphory, alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, shati lake jeupe siku zote, na hakuna kitu alichokiogopa kama barua ya wafadhili.

Mwaka 1994 wafadhili walituletea kompyuta. Iliwekwa chumba cha Levina, ikafunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe, maana vumbi la pumba kutoka mashine za kukoboa mpunga lilikuwa likiingia kila mahali. Mwalimu alikuja kutoka Dar es Salaam akamfundisha siku tano. Siku ya sita Levina alikuwa anafanya mambo ambayo yule mwalimu hakumfundisha. Jambo lililomvutia zaidi lilikuwa kiolezo. Alinieleza hivi: unaupanga ukurasa mara moja tu, kichwa cha habari mahali pake, namba za ajenda mahali pake, majina, mistari ya sahihi na nafasi ya muhuri. Ukishaupanga, unauhifadhi. Kila ukitaka kuandika muhtasari wa mkutano, unaufungua, unamwaga maneno, nayo yanakwenda kukaa yenyewe yanapotakiwa.

"Kama kusuka kikapu, kaka Evarist," aliniambia. "Ukishakuwa na umbo, kazi inabaki kwenye ukindu."

Alitumia miezi mitatu kutengeneza kile kiolezo cha muhtasari. Aliazima mihtasari ya zamani ya vijiji akaisoma yote, akaona watendaji wanakwama wapi. Wengine waliandika maamuzi bila kuandika nani alihudhuria. Wengine walisahau tarehe. Yeye akatenga mahali pa kila kitu, na kila sehemu akaitenganisha na mstari mwembamba wenye nyota ndogo katikati. Nilipouona ukurasa wa kwanza ulivyotoka kwenye printa nilidhani ni kitabu cha serikali.

Lakini kiolezo kitupu hakimsaidii mtu. Bwana Telesphory akasema lazima tuwape watendaji kielelezo, muhtasari uliojazwa tangu juu hadi chini, ili waone namna maneno yanavyokaa.

"Uwe wa kijiji gani?" Levina aliuliza.

"Kijiji chochote. Kiite Kijiji cha Mfano. Ila uweke ajenda nzito, siyo habari za kufyeka njia. Weka maombi ya ardhi. Hayo ndiyo yanayowasumbua."

Basi Levina akatunga mkutano. Nakumbuka alikuwa akicheka peke yake mle chumbani. Alitunga wahudhuriaji 214, wanaume 131 na wanawake 83. Alitunga mwombaji wa ekari mia tano. Alitaka pia kuonyesha namna ya kuandika swali na jibu, akaandika: "Mjumbe mmoja aliuliza kama eneo hilo lina wakulima. Mwenyekiti alijibu kuwa eneo ni wazi, halina mtu. Mkutano ulipitisha ombi kwa kauli moja." Juu kabisa aliandika KIELELEZO kwa herufi kubwa. Na kwenye tarehe aliweka 31 Juni 1995.

Nikamwambia Juni ina siku thelathini.

"Najua," alisema. "Nimeiweka makusudi. Asije mtu akadhani mkutano huu ulifanyika."

Tulitoa utepe wa wino kwenye printa, sindano zake zikatoboa stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, nami nikadurufu nakala mia mbili. Zikagawiwa vijijini kwa baiskeli na malori. Makatibu wa taasisi nyingine walikuja na disketi wakataka na wao wapewe, na Levina hakumnyima mtu. Mwisho wa mwaka ule ungeweza kuingia ofisi ya kijiji popote bondeni ukaukuta ule ukurasa wenye nyota umebandikwa ukutani kwa gundi ya ugali. Sidhani kama kuna kipindi kingine nilimwona Levina na furaha kama ile.

Februari 1996 alifiwa na baba yake, akaenda Mahenge wiki mbili. Kompyuta aliniachia mimi. Nilikuwa nimejifunza kufungua na kuchapa vitu vidogo, zaidi ya hapo sikujua. Siku moja, mchana wa jua kali, akaja Hermenegildi, mtendaji wa kijiji cha Lumangi, kule mbele ya Mngeta, upande wa mtoni. Nilimkumbuka. Alikuwa amehitimu mafunzo yetu akiwa wa kwanza darasani. Alikuwa na mkoba wa ngozi na haraka.

"Evarist, nisaidie jambo dogo. Ule muhtasari wenu upo humo ndani?"

"Upo."

"Ufungue. Pale penye Kijiji cha Mfano weka Lumangi. Jina la mwombaji weka hili." Akanipa karatasi yenye jina la kampuni moja ya kilimo. "Ekari weka elfu moja na mia mbili. Hapo juu palipoandikwa KIELELEZO, futa."

"Na mengine?"

"Mengine yaache hivyohivyo. Yanatosha."

Nikafanya kama alivyosema. Ilichukua robo saa, na sehemu kubwa ya hiyo nilikuwa natafuta herufi. Nilichapa nakala tatu, akashukuru, akaondoka. Hakunipa kitu chochote, wala sikutegemea. Nilikuwa nimejaa fahari kwamba nimeiendesha kompyuta bila Levina. Kile nilichokichapa sikukisoma. Levina aliporudi na kitambaa cheusi kichwani, sikuona sababu ya kumweleza.

Mei mwaka huohuo mama mmoja alikuja dirishani. Wananchi walikuwa na desturi ya kuja kwetu kupigiwa chapa barua zao, na Levina alizipiga bure saa za mapumziko. Mama huyu alikuwa wa makamo, mrefu, kaniki mbili, miguu imejaa tope lililokauka. Levina alimwamkia, akaitika, akajitaja: Odilia, mke wa Kelestini, kutoka Lumangi. Alitaka kupigiwa barua ya malalamiko kwenda kwa mkuu wa wilaya.

"Malalamiko ya nini, mama?"

"Trekta zimeingia mashambani kwetu, mwanangu. Mpunga ulikuwa umeshatunga mimba. Wameulima wote wakaufukia. Tuko kaya thelathini na nne. Tukiuliza tunaambiwa tulishakubali wenyewe mkutanoni. Karatasi hii hapa."

Akaifungua ile karatasi kutoka kwenye pindo la kaniki na kuiweka dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Levina na rimu ya karatasi mikononi. Niliona nyota ndogo katikati ya mstari kabla sijaona neno lolote. Levina aliisoma taratibu, kidole chake kikifuata mistari. Kikafika penye "eneo ni wazi, halina mtu" na hapo kikasimama.

"Mama, mkutano huu ulifanyika lini?"

"Haujafanyika. Hatujawahi kuitwa. Mimi nimezaliwa pale na watoto sita nimewazaa palepale. Nani huyo aliyeuliza kama tupo?"

Levina akavuta karatasi nyeupe. Aliipiga ile barua ya malalamiko, akampa Odilia, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Nilizungusha mashine yangu ingawa haikuwa na karatasi. Baadaye alisema, bila kugeuka:

"Mtu amefungua faili langu. Hii siyo kunakili kwa mkono. Hata nafasi kati ya maneno ni yangu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na uso ambao sikuweza kuuvumilia, nikamwambia yote: Hermenegildi, mkoba, robo saa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Na neno KIELELEZO?"

"Alisema nifute, nikafuta."

Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba Jumamosi tungekwenda Lumangi.

Tulipanda lori lililokuwa linafuata mpunga Mngeta, kisha tukatembea kwa saa mbili na nusu. Odilia alitupokea. Mumewe Kelestini alikuwa mzee mfupi mwenye jicho moja lenye ukungu. Alitutembeza. Pale palipokuwa na mashamba palikuwa na udongo mweusi uliopinduliwa, mapande makubwa yanang'aa, na ndani yake masuke mabichi yakichungulia, yameanza kuoza na kunuka. Dungu la kulindia ndege lilikuwa limeangushwa ubavu. Migomba ya nyuma ya nyumba ilikuwa imebaki mitatu. Kulikuwa na makaburi, misalaba ya mti yenye majina yaliyochomwa kwa chuma, na tairi la trekta lilikuwa limepita ukingoni. Levina aliinama akausimamisha msalaba mmoja. Ukaanguka tena, akausimamisha tena, akaukandamizia udongo kwa mikono yake.

Watu walikusanyika. Levina akawaambia ukweli wote, kwamba muhtasari ule aliutunga yeye, maneno yote ni yake, na mkutano ule haukuwahi kuwako duniani. Hakuna aliyempigia kelele. Mwanamke mmoja akauliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa wewe ulijuaje habari za kusema hatupo?"

"Sikujua habari zenu, mama," Levina alisema. "Niliandika kama mfano."

Yule mama akatazamana na wenzake. Sidhani walielewa, na pale hata mimi mwenyewe maana ya mfano ilianza kunipotea.

Mimi sikusema langu. Levina alikuwa akinitazama, akinipa nafasi, nami nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Njiani wakati wa kurudi alisema kwamba kesi ikifika mahakamani nitasimama, sivyo? Nikasema nitasimama.

Bwana Telesphory alipopata habari alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Levina, wafadhili wanakuja Septemba. Unataka wakute jina la mradi mahakamani?"

"Jina letu limeshafika huko, Bwana. Liko mashambani."

"Aliyekosea ni mtendaji. Sisi tulitoa mafunzo."

"Basi andika barua useme kwamba kielelezo ni chetu na kilitoka mwaka jana. Hicho tu."

Bwana Telesphory alirudisha kiti nyuma. Alikuwa na watoto wawili sekondari na mmoja chuoni, na mradi ukifungwa hapakuwa na mahali pengine pa kumpokea mzee wa umri wake. Mwishowe alisema mradi hauwezi kujiingiza katika kesi ya ardhi. Levina akatoka. Siku ile alichukua kwenye kabati nakala ya kwanza ya kielelezo, ile yenye neno KIELELEZO juu na muhuri wa ofisi nyuma, akaitia kwenye mkoba wake.

Kesi ilisikilizwa Machi 1997. Kaya thelathini na nne zilikuwa zimemteua Kelestini kuwa mdai, na hawakuwa na wakili. Kampuni ilikuwa na wakili kutoka Morogoro, kijana mwenye sauti nzuri, asiye na haraka. Hermenegildi alitoa ushahidi kwanza. Alisema mkutano ulifanyika, watu walikuwa 214, na kwamba wananchi wakishapoteza wanachokitaka huwa wanasahau walichokikubali. Alizungumza vizuri. Tulimfundisha sisi.

Kisha aliitwa Levina. Alivaa gauni la bluu la Jumapili. Alieleza kwa mpangilio, akatoa nakala yake, akaonyesha kwamba kurasa mbili zile zinalingana neno kwa neno isipokuwa mahali panne. Hakimu alizitazama kwa makini, akainua moja mbele ya dirisha. Nilidhani tumeshinda.

Wakili akasimama.

"Shahidi, kazi yako ilikuwa kutengeneza vielelezo. Vya nini?"

"Vya kusaidia vijiji kuandika mihtasari."

"Ili vijiji vifanye nini navyo?"

"Viige."

"Mtendaji wa Lumangi ameiga. Amekosa nini?"

"Ameiga hadi maneno. Ameiga watu ambao hawapo."

"Mahakama inaona kurasa mbili zinazofanana. Wewe unasema ya kwanza ni yako. Mimi nasema labda uliuona muhtasari halali wa Lumangi, ukakaa kwenye kompyuta yako wiki iliyopita, ukauongezea neno KIELELEZO. Unaweza?"

Levina hakuwa mtu wa kudanganya. "Naweza," alisema.

"Kwa dakika ngapi?"

"Robo saa."

Watu walicheka kidogo. Akaeleza habari za tarehe, kwamba hakuna siku ya 31 Juni katika kalenda, na kwamba aliiweka kwa makusudi. Hakimu akaitazama tena karatasi, akaandika. Wakili akasema makosa ya uchapaji yapo katika kila ofisi nchini, na kama kijiji kitanyang'anywa maamuzi yake kwa sababu ya tarakimu moja, basi hakuna kijiji kitakachosalimika.

Hakimu akamuuliza Levina kama yupo mtu mwingine anayeweza kuthibitisha kwamba kielelezo kilitangulia, au anayejua karatasi ya Lumangi ilichapwa wapi. Levina alikuwa ameandika barua kwa watendaji tisa waliopata nakala. Hakuna aliyekuja. Bwana Telesphory alikuwa ameleta barua ya mistari mitatu kwamba mradi hauna la kusema. Levina akageuka akanitazama. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonishika. Ilikuwa woga wa kufungwa, maana mimi ndiye niliyefuta neno lile. Ilikuwa pia woga wa kazi. Lakini zaidi ilikuwa aibu, aibu ndogo ya mtu mzima kusimama mbele ya watu aseme: nilichapa bila kusoma. Levina alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kusali Baba Yetu. Angeweza kunitaja. Hakimu angeniita kwa nguvu. Alisema, "Mheshimiwa, kama yupo, atasimama mwenyewe."

Sikusimama.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Ilisema wadai hawana hati yoyote, na muhtasari wa kijiji, pamoja na kasoro yake ya tarehe, umeandikwa kwa utaratibu unaotakiwa. Nakumbuka maneno hayo, utaratibu unaotakiwa. Levina alifukuzwa kazi mwezi huohuo kwa kosa la kuchukua mali ya ofisi bila ruhusa. Alikuja kuchukua kikombe chake na picha ya baba yake. Kile kitambaa cha kompyuta alikiacha. Kwenye mlango aliniaga kwa adabu kama kawaida, "Haya kaka, baki salama," na kwangu ingekuwa nafuu kama angenitemea mate.

Watu wa Lumangi walitawanyika. Baadhi walikwenda kwa ndugu Mlimba, wengine walichukuliwa kwa kazi ya kibarua na kampuni ileile, wakapalilia palepale walipokuwa wakilima. Kelestini na Odilia na kaya nyingine saba walishuka chini kabisa bondeni, karibu na mto, mahali ambapo wenyeji walikuwa hawajengi. Huko hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Levina alikuwa akiwatembelea. Alishaanza kupiga chapa barua za watu barazani karibu na soko, kwa mashine ya zamani aliyopewa na masista, na akipata nafasi alipakia chumvi na sabuni kwenye baiskeli akaenda.

Mvua za mwishoni mwa 1997 hazikukoma. Ziliunga Krismasi, zikaunga Kwaresima. Barabara ya Mlimba ilikatika sehemu tano, mitumbwi ikawa inafungwa kwenye miembe. Mto ulipanda usiku mmoja wa Aprili. Odilia na wengine walitoka na maji ya kiuno, wakashikana mikono, wakaenda kwenye kichuguu kikubwa wakakaa siku mbili na nyoka. Kelestini alikuwa na homa na hakuona vizuri. Alisema watangulie, atafuata akishamfungua mbuzi. Walimpata baada ya siku kumi na moja, mbali, maji yaliposhuka. Wakamzika walipompata, kwa sababu makaburi ya kwao yalikuwa ndani ya uzio wa kampuni.

Nilipata habari hizo sokoni. Nilikwenda moja kwa moja mahakamani nikamwambia karani nataka kutoa ushahidi katika kesi ya Lumangi. Alikuwa kijana mwema. Alitafuta jalada, akalipata, akalipangusa vumbi.

"Hii imefungwa, mzee. Muda wa rufaa umepita zamani."

"Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi."

"Naelewa. Lakini hakuna pa kuiweka habari hiyo."

Niliandika vilevile, kurasa mbili kwa mkono, nikaacha mezani kwake. Nilikwenda pia kwa Bwana Telesphory nikamwambia kwamba nimeandika. Aliinamisha kichwa. Mradi ulifungwa mwaka uliofuata hata hivyo, wafadhili walikuwa wamehamia mambo mengine. Hermenegildi alipandishwa, akahamishiwa ofisi ya kata. Nasikia anasifiwa kwa mafaili yake.

Levina aliendelea na barua zake barazani. Lakini kiangazi kikifika, barabara zikikauka, alikuwa akifunga mashine yake siku tatu nne, anapanda baiskeli na kwenda vijijini. Aliingia kwenye ofisi moja baada ya nyingine, akaomba kuuona ule ukurasa wenye nyota. Wengine walimpa, akaketi akaikata ile mistari mitatu kwa kalamu, ile ya swali na jibu, akawashukuru. Wengine walimwambia huo ni waraka wa ofisi, akatoka. Mahali pamoja alipigwa. Mtendaji wa Malinyi, ambaye ni shemeji yangu, alinieleza kwamba Levina alifika kwake akiwa amechoka sana, amekonda, na karatasi aliyoikuta ukutani haikuwa hata ile tuliyoidurufu sisi. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, nyota imekuwa doa. Alimuuliza Levina zimebaki ngapi. Levina alisema hajui, kwa sababu kila aliyepewa aligawa.

Nilikutana naye Agosti 1999 kivukoni, upande wa Ifakara. Alikuwa ameegemea baiskeli yake akingojea pantoni, mtungi wa maji umefungwa nyuma. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni, na alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilitaka kugeuka. Alishaniona.

"Habari za siku nyingi, kaka Evarist. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mgongo wako?"

Nikasema mgongo ni uleule. Tukasimama. Wavuvi walikuwa wanauza kambale kando yetu, na mama mmoja akatuuliza kama tunanunua, tukasema hapana. Nikaanza kumweleza habari za ile barua niliyoiacha mahakamani, na nilivyoandika, na kilichonizuia siku ile. Maneno yalitoka vibaya, nikayarudia. Alinisikiliza akiwa ameangalia mto. Nilipofika mahali pa kuomba msamaha, pantoni lilikuwa limeshagonga ukingo na watu wameanza kusukumana na magunia yao.

"Nikichelewa hili nitalala huku," alisema.

Akashika usukani, akaisukuma baiskeli chini kwenye matope. Niliishika nyuma nikamsaidia kuinyanyua hadi kwenye mbao, kwa kuwa ilikuwa nzito, na akaniambia asante.

Odilia yu hai. Anaishi kwa binti yake Mlimba na anauza vitumbua stesheni.